Saa Iliyotumwa Kunichunga

Koboko, Jumanne, 3 Septemba 2024

Saa imefika. Mwanangu Hakimu ameituma kutoka Juba kwa dereva wa lori, imefichwa ndani ya soksi. Nyeusi, haina mishale, na ukiigeuza upande wa tumbo inawaka taa ya kijani kama jicho la paka. Aliyenivisha ni Rabia, mke wa Hakimu. Anasema ina laini yake ya simu ndani, inasikiliza moyo wangu, inahesabu hatua zangu, halafu inapeleka habari zote kwenye simu. Simu yake yeye, si yangu.

Nikamuuliza, "Na wewe saa yako iko wapi, na mimi nione moyo yako?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Basi kama kuna kitu kinaniandika bila kuniuliza, na mimi nitakiandika. Shule sikuingia hata kuchungulia dirishani. Herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu katika kambi ya askari Jinja, kwa mkaa, sakafuni, ili akiwa mbali nisome barua zake mwenyewe, nisimpelekee jirani. Zinanitosha.

Jumatano, 4 Septemba

Rabia amerudi kutoka kwenye kibanda chake cha simu sokoni akaniuliza kwa nini nililala mchana. Nani alimwambia nililala?

Ijumaa, 6 Septemba

Hakimu amepiga simu baada ya swala. Sauti tamu kama ya mtu anayekuja kuchukua kitu.

"Mama, saa inakukaa vizuri?"

"Inanikaa kama pingu."

"Mama, ni kwa ajili ya afya. Na ile habari ya shamba, tafadhali. Bondeni usiende. Rabia ataona."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwaka jana niliteleza kwenye matope nikivuna ufuta, nikaumia nyonga, wakanibeba kwa pikipiki. Tangu siku ile wanataka nikae barazani kama mtungi. Lakini ufuta nimekwisha panda mwezi wa saba, kimya kimya, kwa mkono wangu. Umeota. Unataka kupaliliwa. Saa si ya moyo. Saa ni askari.

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua. Nimekaa. Askari ameridhika.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimepata dawa ya askari. Dawa inaitwa Zulaika.

Zulaika ni mwenzangu. Marehemu alimwoa mimi nikiwa namnyonyesha Hakimu. Alimtoa kwao Adumi, akasilimu siku ile ile ya ndoa, na mpaka leo akishtuka humwita Mungu kwa Kilugbara kwanza. Hakujaliwa mtoto. Tunaishi ua mmoja, nyumba zinatazamana, ili kila mmoja aone nani kaingia kwa mwenzake. Kutwa yuko barazani anasuka kawa za kufunikia chakula, ukindu mwekundu na wa kijani, na zinatoka nzuri, hilo sitamnyima. Hatembei. Hachoki kukaa. Mkono wa namna hiyo ndio unaotafutwa na saa.

Rabia alipoondoka, nikamwendea.

"Wewe wa Adumi, lete mkono."

"Ya nini?"

"Vaa hii. Mimi nakwenda bondeni, narudi kabla ya Rabia. Wewe suka tu."

Akaitazama saa, akanitazama mimi. "Kama iko na uchawi?"

"Kama iko na uchawi itaogopa yako."

"Na mimi napata nini?"

"Utapata ufuta."

"Ufuta ya mwaka jana ulisema hivyo hivyo, Mama Hakimu."

Lakini akanyoosha mkono. Anapenda kitu kinachong'aa, tangu zamani. Nikaenda, nikapalilia, mgongo ukalia kwa furaha. Niliporudi nilinawa matope, nikavaa askari wangu. Jioni Rabia akaangalia simu yake, akatabasamu: "Leo Mama umetulia vizuri sana. Hivi ndivyo Hakimu anataka."

Zulaika aliinamia ukindu wake mpaka pua ikagusa.

Jumatatu, 16 Septemba

Maulidi. Zulaika alitia chumvi kwenye pilau kama mtu anayezika samaki. Nikamwambia mbele ya wageni. Akasema kwangu hata chumvi huogopa kuingia.

Jumatano, 18 Septemba

Bondeni. Zulaika amevaa.

Jumamosi, 21 Septemba

Bondeni tena. Niliporudi nilimkuta Zulaika amelala kwenye mkeka, mchana kweupe, kawa imekaa tumboni. Nikamwambia saa si godoro. Amezidi uvivu mwaka huu.

Ijumaa, 27 Septemba

Leo kumetokea jambo.

Nilikuwa nimerudi, nimenawa, saa iko mkononi, napepeta maharage. Rabia akaingia ua mbio, kibanda amekiacha, viatu ameshika mkononi.

"Mama, kaa chini!"

"Nimekaa chini. Hunioni?"

"Moyo yako! Iko vipi?"

"Iko hapa. Kwani imekuja sokoni?"

Akaniwekea simu usoni. Kulikuwa na maandishi mekundu ya Kiingereza. Akanisomea kwa Kiswahili: kwamba saa imeona mapigo ya moyo hayaendi sawa, yanaruka, mara haraka, mara yanasita, si mara moja bali kwa muda mrefu mchana huu, na mwenye saa amwone daktari. Viatu vilikuwa vimemwanguka. Ameogopa kweli au anajua kuogopa, sijui.

Mchana huu. Mchana huu mimi nilikuwa bondeni na jembe, na saa ilikuwa mkononi mwa Zulaika.

Nilitazama ng'ambo ya ua. Zulaika alikuwa anasuka, hainui kichwa.

Rabia alipoingia ndani kumpigia Hakimu, nikamwendea. "Umefanyia saa nini?"

"Mimi?"

"Umeitikisa. Umeitikisa makusudi ili wanifungie ndani."

"Mimi nilikuwa nasuka kawa yangu. Kama saa iko na moyo mbaya, ni moyo ya saa."

Aliposema hivyo alitazama miguu yake. Miaka yote hii namjua: Zulaika akidanganya hutazama miguu yake, kama jibu limeandikwa kwenye vidole.

Nimekaa nikawaza. Ama Zulaika ananichimbia. Ama Rabia na Hakimu wametia maneno yale kwenye simu, kwa maana mtu mgonjwa hatoki. Ama wote wamekula njama, na mimi ndiye mbuzi.

Jumapili, 29 Septemba

Mvua ya mawe. Nimeombewa dua msikitini bila kuulizwa. Watu wanakuja kunitazama kama maiti anayechelewa.

Jumanne, 1 Oktoba

Nilikwenda bondeni kwa sababu nilikatazwa mara mbili sasa. Saa kwa Zulaika. Maandishi mekundu yakaja tena.

Hakimu akapiga. "Mama, unakwenda Arua. Hii si ombi."

"Nani alikuzaa, mimi au wewe ulinizaa?"

"Wewe ulinizaa. Ndiyo sababu nataka uendelee kuwepo." Halafu sauti yake ikakatika, na si mtandao uliokatika. "Mama, baba alianguka mimi nikiwa mbali. Usinifanyie hivyo."

Nilisema nitakwenda.

Jumanne, 8 Oktoba

Arua. Tumekwenda mimi na Rabia. Njia nzima alinishika mkono ule wenye saa, kama mtu anayeshika kuku asiruke.

Kliniki iko upande wa Ediofe, kengele za kanisa zinasikika. Daktari anaitwa Andrew, kijana, masikio makubwa. Nikamwambia masikio hayo yanatosha, waya za nini? Akacheka sana, akanibandika waya kifuani hata hivyo. Karatasi ikatoka imechorwa mstari. Mstari wangu ulikuwa kama mshono wa fundi mzuri: kilima, kilima, kilima, nafasi sawa.

"Mama, moyo wako unatembea kama askari wa gwaride," akasema.

Nikamgeukia Rabia. "Umesikia? Hiyo saa ni mwongo."

"Ngoja, Mama," daktari akasema. "Saa ni kama mbwa wa nyumbani. Usiku anabweka. Pengine ni mwizi, pengine ni jani. Mbwa hajui kukamata mwizi, lakini na wewe huwezi kusema ni jani kabla hujatoka kutazama. Ugonjwa wenyewe huja na kuondoka. Leo umetulia, kesho unapepesuka."

"Na ukipepesuka?"

"Damu inakawia kwenye kona ya moyo. Inaganda. Kibonge kinapanda kichwani. Mtu anaamka upande mmoja haufanyi kazi, au haamki. Na wengi hawakusikia chochote kabla. Uchovu kidogo. Pumzi fupi. Wanasema ni uzee."

Kisha akauliza, kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma: "Saa hii unavaa wewe peke yako?"

Rabia alikuwa ananitazama.

"Mimi peke yangu."

"Humwazimi mtu?"

"Saa ni kama mswaki, daktari."

Akaandika. Akasema nirudi baada ya mwezi, saa niendelee kuivaa.

Njiani, baada ya Maracha, mvua ilipiga kioo cha gari hatukuona mbele. Uchovu kidogo. Pumzi fupi. Nilikuwa namwona Zulaika kwenye mkeka, mchana kweupe, na kawa tumboni.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo nimemchunga Zulaika kama mimi ndiye saa, nimetumwa kwake. Alikwenda bombani na dumu dogo. Alipumzika kwenye jiwe la mwanzo. Akapumzika tena kwa mama muuza mandazi, akijifanya anachagua, na yeye huwa hali mandazi. Mwaka jana alikuwa anabeba dumu kubwa kichwani na kunitukana njia nzima bila kukata pumzi.

Jumanne, 15 Oktoba

Bado sijaamini. Rabia aliwahi kusema mkono ukitikisika sana saa inaweza kuchanganyikiwa. Na kusuka ni kutikisa: vuta, choma sindano, vuta, kaza. Pengine saa inasoma ukindu, si moyo.

Basi leo saa nimeivaa mwenyewe, nikachukua ukindu wa Zulaika, nikasuka kuanzia chai mpaka alasiri. Kawa yangu imetoka kama kofia iliyokaliwa na ng'ombe. Zulaika alicheka mpaka akashika kifua. Akakishika muda mrefu kuliko kicheko.

Simu ya Rabia haikusema kitu. Si ukindu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimemwambia avae, na mimi nikae naye hapo hapo.

"Leo hauendi bondeni?"

"Sitaki."

"Kwa nini unanitazama hivyo? Kama unanipima sanda."

Saa ilikaa kimya kutwa. Nikajiambia, tazama, Zuhurah, umekuwa mwehu, unasikiliza mbwa. Nililala vizuri.

Jumatatu, 21 Oktoba

Hapana. Si jani.

Leo alivaa, akasinzia barazani, mikono imelala kwenye mapaja, hasuki, hatikisiki. Mimi nimekaa mbele yake nachambua mboga. Simu yangu ndogo ikalia. Rabia, kutoka sokoni: "Mama, uko wapi? Umekaa? Saa inasema moyo yako inaruka sasa hivi!"

"Nimekaa," nikasema. "Niko sawa." Na kweli nilikuwa sawa. Nikainuka, nikaweka vidole shingoni mwa Zulaika, pale anapochinjiwa kuku. Moyo wake ulikuwa unakwenda kama watoto wanaotoka madrasa mvua ikianza: wawili wanakimbia, mmoja anasimama, watano wanasukumana mlangoni.

Akafungua macho. "Unaninyonga?"

"Wewe ndiye mgonjwa."

Nikamweleza yote ya daktari. Alisikiliza. Nilidhani ataogopa kufa. Hakuogopa hilo.

"Usimwambie Hakimu."

"Kwa nini?"

"Mama Hakimu, wewe iko na Hakimu. Hii nyumba ni ya Hakimu. Mimi iko na nani hapa? Mwanamke bila mtoto anakaa kwa mtoto wa mwenzake kama anafanya kazi, kama hana shida. Nikiwa mgonjwa wataita ndugu zangu Adumi waje kunichukua. Nitafika kwa kaka yangu, mke wake ananitazama hivi, mguu kwa kichwa. Mimi nimeacha kwetu nikiwa msichana. Kwetu ni hapa."

"Nani amesema utafukuzwa?"

"Wewe! Tangu lini unatafuta neno ya kunitoa katika ua hii? Sasa umepata. Umeletewa na saa."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumjibu kwamba si kweli, lakini mdomo haukufunguka haraka, na yeye aliona haukufunguka.

"Ukisema," akasema, "na mimi nasema kwa Hakimu nani alikuwa bondeni na jembe."

Jumatano, 23 Oktoba

Mimi namtazama, yeye ananitazama. Rabia anatutazama wote wawili, anadhani tumegombania sufuria.

Ufuta unaanza kugeuka manjano. Siku chache tu ukatwe. Nimejiambia: nikivuna nitasema. Nikivuna kwanza.

Jumamosi, 26 Oktoba

Naandika leo Jumapili, kwa sababu jana haikuwa na mahali pa kalamu.

Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa nimevaa mabuti tayari kwenda bondeni, nimekuja kumpa Zulaika saa. Alikuwa amekaa na kawa kubwa, ile ya harusi ya binti wa jirani. Sindano ikaanguka mkononi mwake. Nikasema, "Okota." Akaitazama kama kitu asichokijua. Akanitazama mimi, akataka kusema, na mdomo wake ukashuka upande mmoja, ukatoa sauti kama ya mtu anayeongea akiwa na ugali moto mdomoni.

Nilipiga kelele ambayo sijapiga tangu marehemu. Nilimpakata hapo hapo kwenye matope ya baraza. Nilimwambia maneno mengi. Mengine yalikuwa matusi. Nilimwambia asithubutu. Nilimwambia kawa ya watu haijaisha.

Rabia akatoka ndani na mswaki mdomoni. Nikamwambia kila kitu kwa mkupuo mmoja: saa ilikuwa kwake, si kwangu, siku zote zile mbaya ilikuwa kwake, mimi nilikuwa shambani, ita gari. Nilingoja anipigie kelele. Alitema povu, akasema, "Gari ya Akram iko hapo msikitini," akakimbia kwenye mvua bila kiatu.

Kabla gari haijafika, mdomo wa Zulaika ulianza kurudi. Ukarudi kabisa. Akainua mkono, akatikisa vidole. Akasema wazi, "Imekwisha. Tusiende."

"Tunakwenda."

"Mama Hakimu, imekwisha, mimi iko mzima—"

"Ingia kwenye gari kabla sijakubeba, na mimi nyonga yangu ni mbovu, tutaanguka wote."

Akram, jirani yetu mwenye gari, aliendesha kama mtu aliyeiba. Mvua ikatufuata mpaka Arua. Zulaika alilala mapajani mwa Rabia. Karibu na Maracha alitapika, yote kwenye gauni jipya la Rabia, lile la kijani alilotumiwa na Hakimu. Rabia hakusogea hata kidole. Alimfuta mdomo kwa ncha safi ya gauni lile lile, akasema, "Pole, Mama Mdogo. Toa yote." Nilimwangalia yule mtoto kwa jicho jingine. Si yote mawili. Moja.

Daktari Andrew alikuwepo. Zile waya tena. Mstari wa Zulaika haukuwa mshono. Ulikuwa kama nyayo za kuku aliyefukuzwa na mtoto: hapa karibu, hapa mbali, hapa hakuna. Alituonyesha. Alisema kibonge kidogo kilipita kichwani na kikayeyuka, na hiyo ni hodi. Mwenye kubisha hodi hurudi.

Kisha akanitazama mimi.

"Mama. Mswaki?"

"Nilidanganya," nikasema. "Nilikuwa natoroka kwenda kwenye ufuta."

Hakunigombeza. Alisema, "Kama ungesema siku ile, tungemwita. Lakini usingemvalisha, tusingejua kabisa. Sijui nikulaumu au nikushukuru, kwa hiyo nitakupa kazi." Akanionyesha vidonge vya kuzuia damu isigande. Asubuhi na jioni. Visikoswe hata siku moja. Asianguke, asijikate ovyo, kwa maana damu itakuwa nyepesi. "Nani nyumbani atahakikisha anameza?"

Zulaika, juu ya kitanda, alifumba macho kama aliyelala. Alikuwa hajalala.

"Tutaona," Rabia akasema, "tutaongea na mume wangu."

Jumanne, 29 Oktoba

Tumerudi Koboko. Zulaika anatembea, anakula, haongei nami.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimekwenda bondeni, wazi wazi, mchana, Rabia akiniona. Ufuta umepasuka. Siku zile za Arua na mvua, maganda yamefunguka, mbegu zimemwagika chini na ndege wamefanya karamu. Nimesimama, nimetazama, nimerudi. Sikulia. Nilimwambia Rabia, akasema, "Pole, Mama," halafu akasema, "Mwaka ujao tulime pamoja, upande wa juu, hakuna matope." Nimemtazama usoni kutafuta hila. Sijaiona bado.

Jumatatu, 4 Novemba

Hakimu amepiga. Kaanza na shamba, nikamwacha amwage yote. Kisha akasema, "Na Mama Mdogo je? Rabia yuko kibandani kutwa. Wewe umri umekwenda. Ndugu zake wa Adumi wamepiga simu, wanasema wanakuja kumchukua."

"Nani amewaita?"

"Yeye mwenyewe."

Hakimu akakata. Yeye mwenyewe. Anataka kutoka kabla hajatolewa. Huyo ndiye Zulaika: hata mlango wa kufukuzwa anataka kuufungua kwa mkono wake.

Jumatano, 6 Novemba

Nimemuuliza. Akasema, "Ni vizuri hivyo. Wewe utapata ua yote." Nikamwambia ua wote nitaufanyia nini, nitafuga tembo? Hakucheka.

Jumamosi, 9 Novemba

Draku amekuja, kaka yake Zulaika, mzee mpole, na kofia ya mvua mkononi. Zulaika alikuwa amekwisha funga mzigo wake kwa khanga, amekaa juu yake kama abiria. Nilimpa Draku chai. Rabia alifunga kibanda akaja kukaa.

Draku akaanza kwa taratibu. "Mama Hakimu, sisi tunashukuru. Mumeweka dada yetu vizuri miaka mingi. Lakini sasa iko mgonjwa, na hapa hana mtoto. Tumekuja kuchukua mutu yetu."

"Huko dawa atameza?"

"Atameza. Na sisi pia tuko na mizizi yetu."

"Mizizi na hii dawa haviendi pamoja, daktari amesema. Nani atamwangalia?"

"Mke yangu."

Zulaika alitazama ukutani.

"Aangaliwe hapa," nikasema.

"Na nani?"

"Na mimi."

Draku aliweka kikombe chini. Alisema kwa heshima, lakini alisema. "Mama, wewe ni mwenzake. Usikasirike. Kwetu, mke mwenza hapana kupa mwenzake kitu ya kumeza. Mutu anaogopa."

Mimi sikukasirika. Neno lenyewe ni la haki. Hata mimi ningeogopa.

"Shemeji," nikasema, "nikuulize. Dada yako akidanganya, hutazama wapi?"

"Sijui."

"Akiumwa, hula zaidi au hula kidogo?"

"Atakula kidogo, kama watu wote."

"Anakula zaidi, ili asiulizwe. Akichoka hufanyaje?"

Draku akaigeuzageuza kofia yake.

"Anachagua mandazi asiyonunua. Mimi huyu mwanamke nimemchunguza tangu alipovuka ule mlango na hina mbichi miguuni. Nilikuwa natafuta makosa yake nimshitaki kwa mume. Usiku na mchana, bila taa ya kijani. Najua chumvi yake, hasira zake, uongo wake wote na jinsi unavyotembea. Hakuna mtu chini ya mbingu anayemjua huyu kwa ubaya kama mimi. Sasa unataka kumpeleka kwa watu wanaompenda tu? Watu wanaompenda atawadanganya siku ya kwanza."

Zulaika alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio, na sikujua nyuma yake kuna nini.

"Na Hakimu?" akauliza, sauti ndogo, si kwangu, kwa Rabia.

Rabia akasema, "Hakimu atasikia kutoka kwangu leo jioni. Atasikia kwamba imeamuliwa."

Nikamgeukia Zulaika.

"Wewe wa Adumi. Dawa ya asubuhi umemeza?"

"Nimemeza."

Akatazama miguu yake.

Draku ndiye aliyeinuka kwenda kuchota maji ya kumezea.